Kabureta Mbili za Shemeji

Wiki ile Sikio hakukalika. Akikaa kwenye kigoda chake cha kazi, mguu unacheza. Akisimama, mkono unatafuta bisibisi ambayo hana haja nayo. Akienda kunywa chai, anaiacha kikombeni na kurudi gereji kulitazama gari ambalo ametoka kulitazama sasa hivi. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa, la zamani kiasi kwamba watu wakiliona barabarani huuliza kama linatembea kweli au limeshuka kwenye lori. Lilikuwa la shemeji yake, ndugu wa mkewe, mpima ardhi, mtu wa masihara kutoka asubuhi hadi jioni. Jumamosi lilitakiwa kupanda mlima mbele ya watu katika mbio za magari ya zamani, na lilikuwa linapiga chafya.

Asiyejua mambo haya aelezwe mara moja, maana sitarudia. Injini ya gari lile ina kabureta mbili ubavuni, ya mbele na ya nyuma. Zikivuta hewa sawasawa, mambo ni mswano. Moja ikivuta kuliko mwenzake, injini inakohoa, na ukikanyaga mafuta kwa ghafla inapiga chafya, puu, kupitia mdomo wa kabureta. Vipo vyombo vya kupima uvutaji huo, vyenye vioo na mishale, na Sikio alikuwa akivicheka kila akiviona. Yeye alikuwa na kipande cha mpira, basi. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaielekeza kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mluzi wa hewa ikiingia; anahamia ya pili, anasikiliza; anakaza skrubu hii, analegeza ile, mpaka miluzi miwili inakuwa mmoja. Ndivyo alivyopata jina. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Sikio hakumwambia mtu. Masikio yake yalikuwa yameanza kumgeuka. Kwanza ilikuwa simu, inalia mfukoni mpaka mtu mwingine amwambie. Kisha ikawa sauti za wajukuu. Watu wakicheka naye anacheka, akiomba kimoyomoyo kwamba kilichochekwa si yeye. Halafu kulikuwa na ile kelele ya ndani, mluzi mwembamba usiokatika, ambao aliusikia zaidi akilala. Siku za mwanzo aliamka akaenda bafuni kufunga bomba, akalikuta limefungwa. Akajiambia ni uchovu. Tangu hapo alikuwa akijiambia hivyohivyo, na alikuwa anaogopa, anaogopa hasa, maana wenye magari ya zamani walitoka mbali kumfuata yeye kwa sababu ya kitu kimoja tu. Ikijulikana kwamba Sikio hasikii, anabaki nani? Mzee mwenye kitambi na kipande cha mpira.

Kwa hiyo gari la shemeji lilipoanza chafya zake, Sikio alikuwa na mashaka mawili ya kuchagua. Ama kabureta haziko sawa, ama hewa inabanwa kabla haijazifikia. Shaka la kwanza lilimgusa pabaya, akalitupa. Alikuwa ametia mpira sikioni zaidi ya mara moja, na kila mara kabureta zote mbili zilimpigia mluzi uleule, wala mmoja haukuzidi mwenzake. Angeweza kula kiapo. Basi mwenye kosa ni filta ya hewa, na Sikio akaanza kuiandama filta kana kwamba ilimtukana mama yake.

Alianza na zile za zamani zilizokuja na gari, vikopo viwili vya mviringo vyenye wavu wa chuma ndani. Alizifungua akatazama gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya filta na kabureta, kwa sababu gasketi ile ina vitundu viwili vidogo ambavyo lazima vilingane na vitundu vya kabureta. Ukiigeuza juu chini unaviziba, na kabureta inashindwa kupumua. Vilikuwa mahali pake. Akaziosha kwa petroli, akazikausha, akazipaka mafuta mepesi ya kunasa vumbi, akazirudisha. Akawasha. Akakanyaga mafuta. Puu.

Shemeji alipopita jioni akalikuta gari limefunguliwa kifua. Alizunguka mara moja, mikono nyuma, akauliza kama mgonjwa wake ana mafua ya kawaida au yale ya kulazwa. Sikio akamjibu kwamba gari halina ugonjwa, lina mwenye gari. Wakacheka, ndiyo kawaida yao, lakini mguu wa Sikio haukuacha kucheza. Kesho yake shemeji akaleta filta mpya kutoka dukani, za pamba yenye mafuta, umbo la pia ya kuchezea, nyekundu kama gari. Muuzaji amemhakikishia kwamba zinapitisha hewa mara dufu. Sikio alisema moyoni kwamba muuzaji huyo angemhakikishia hata kwamba zinapika, ila alizifunga.

Zilipitisha hewa, hilo halina ubishi. Lakini zilimfumbua macho kwa jambo jingine. Mdomo wa kabureta ulikuwa umekatwa wima, ukingo mkali, na hewa haipendi kukunja kona kali. Akachonga tarumbeta mbili fupi za bati nene za kufunga hapo, mdomo umekunjwa nje kwa mviringo laini, akazisugua kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kuhisi kitu. Ilikuwa kazi nzuri, na mkono wake ulipokuwa kazini mguu ulitulia. Tabu ni kwamba tarumbeta zikiingia ndani ya zile pia nyekundu, midomo yake ilikaribia kugusa ukuta wa mwisho. Tarumbeta inataka nafasi mbele yake, vidole vitatu kwa uchache, vinginevyo ni sawa na kumwambia mtu apumue huku umemwekea kiganja usoni. Ikabidi atengeneze kasha moja refu la kufunika zote mbili, na ukuta wake wa mbele uwe wa sponji ya filta.

Sponji ilikuwa kazi ya mkewe. Mkewe alikuwa fundi wa viti vya magari, na chumba chake kilikuwa ubavuni mwa gereji, kimetengwa kwa ukuta wa mbao tu. Watu walimwita Mama Viti. Miaka nenda miaka rudi alishona huku, mumewe akigonga kule, na kwa kuwa mbao hazizuii kitu, alikuwa amesikia kila injini iliyopita mikononi mwa Sikio. Aliikata ile sponji kwa kisu chake kirefu, akaizamisha kwenye mafuta, akaikamua mpaka isidondoke. Alipomkabidhi, hakuiachilia upande wake.

"Umezisikiliza tena?" aliuliza.

"Nimezisikiliza."

"Sikiliza mara moja zaidi, baba. Hasara gani?"

Sikio akavuta sponji. Alimwambia kwamba yeye hajawahi kumfundisha mtu kushona kiti, na akaondoka. Alijua amekuwa mkali bila sababu, na kujua huko kukamzidishia ukali. Nyuma yake cherehani haikuwaka kwa muda mrefu.

Kasha lilikaa vizuri ajabu. Walipolijaribu gari kwenye mteremko wa nyuma ya gereji, shemeji akiwa kwenye usukani, lilivuta kwa nguvu ambazo halikuwahi kuwa nazo. Shemeji alirudi amekenua meno yote. Ila kila alipokanyaga kwa ghafla chafya ilikuwepo palepale, tena sasa, kwa kuwa hewa ni nyingi, ilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Shemeji akasema waliache hivyohivyo, watu watadhani ni fataki za kuwakaribisha. Sikio hakucheka. Usiku ule alijigeuza kitandani hadi mkewe akahama na mto wake.

Ijumaa alifika gereji mapema, hana simile na mtu, akalitoa kasha. Akalitoa lote. Alitaka gari lipande na midomo wazi, bila filta yoyote, ili aone kama hewa ndiyo inayobanwa au la. Mkewe akatokea mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni. Akamkumbusha kwamba filta haipo kwa ajili ya vumbi peke yake. Injini ikipiga chafya, filta ndiyo inayoumeza moto. Maneno hayo aliyajua kwa sababu Sikio mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja, kila siku, kwa sauti ya juu. Sikio akasema ni kwenda na kurudi tu. Shemeji, ambaye alimwamini kama watu wanavyomwamini daktari wa familia, alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

Walipanda nusu ya mteremko. Shemeji akakanyaga, gari likapiga chafya, likapiga ya pili, na safari hii Sikio aliona mwanga wa njano ukipita kwenye mwanya wa boneti. Akapiga kelele asimame. Shemeji alisimama, akaruka nje, na badala ya kumngoja mwenye kujua, akaifungua boneti mwenyewe kwa mbwembwe. Moto uliokuwa ukinywa petroli iliyodondoka ukapata hewa ukamrukia usoni.

Sikio aliuzima kwa zulia la miguuni mwa gari, akilikandamiza kwa viganja vyote viwili, akitaja majina ya watoto wake bila kujua kwa nini. Ulikuwa moto mdogo. Ulizimika kabla mtu hajakimbilia maji. Shemeji alikuwa amekaa chini kando ya barabara, hana nyusi hata moja, ngozi ya paji la uso imekuwa nyekundu. Sikio alichuchumaa mbele yake akauliza anaona, anaona vizuri. Shemeji aliitikia kwa kichwa.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Mkewe alimpaka kaka yake dawa ya moto, akamwitia teksi, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti, yote hayo bila kumtazama mumewe. Sikio akabaki na gari. Rangi ya boneti ilikuwa imetoka malengelenge upande wa ndani, lakini kabureta zilikuwa nzima, zimeshika masizi tu. Alizifuta. Akatafuta la kufanya, akafuta tena. Kisha mkono, kwa mazoea yake, ukachukua mpira. Akatia ncha sikioni, akaielekeza nyingine kwenye kabureta ya mbele. Ffff. Akahamia ya nyuma. Ffff. Sawasawa. Haikuzidi, haikupungua.

Akarudi ya mbele. Mkono ukaganda hapohapo.

Injini haikuwa inawaka. Ufunguo ulikuwa umeondoka na shemeji, mfukoni mwa suruali yake. Kabureta zilikuwa baridi, hewa imetulia, na Sikio alikuwa amesimama na mpira sikioni akisikiliza mluzi mzuri ulio sawa pande zote. Akautoa mpira. Mluzi ukaendelea. Wiki nzima, na labda si wiki hiyo peke yake, alikuwa amesikiliza kichwa chake mwenyewe akakiita kabureta.

Alikaa kwenye kigoda. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona kitu kibaya zaidi, ule uso mwekundu usio na nyusi. Mkewe aliporudi alimkuta hivyo. Alikuja akasimama upande wake wa kulia, ule wenye nafuu, na Sikio akatambua ghafla kwamba siku hizi husimama upande huo siku zote.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu kitambo." Mkewe alivuta kopo tupu akalikalia. "Ya nyuma inavuta zaidi. Naisikia hata nikiwa nashona."

"Na ulinyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila siku nikisema leo atasema."

"Ndugu yako angepofuka."

"Najua," alisema mkewe, na sauti yake ikapasuka. "Unadhani sijui? Nilisimama pale mlangoni nikakuambia habari za filta. Filta! Ningesema masikio, msingetoka. Hili si lako peke yako, usijifanye mkubwa."

Halafu Sikio akachukua ufunguo wa akiba msumarini, akawasha injini, akampa mkewe mpira. Yeye akashika bisibisi. Mkewe alisikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma, akaonyesha kwa kidole: hii, legeza, kidogo, nimesema kidogo. Alikuwa na mdomo wa kufundisha kuliko mwalimu. Walipomaliza Sikio akarudisha kasha na sponji yake, akakanyaga mafuta kwa ghafla, kwa nguvu, kwa chuki. Injini ikapanda bila kukwama, bila kukohoa. Tarumbeta zake zilikuwa sahihi, kasha lilikuwa sahihi, kila kitu alichokifanya kwa mikono kilikuwa sahihi. Alitamani kufurahi akashindwa.

Kabla ya kufunga gereji alimwomba mkewe jambo. Kesho mlimani watu watamwita kusikiliza magari yao, kama kila mwaka. Yeye atashika mpira kama kawaida. Mkewe asimame karibu, ajifanye anatazama. Mkewe husikia hata bila mpira. Akimgusa kiwiko, akaze; akimgusa mgongo, alegeze. Hakuna atakayejua. Mkewe alimtazama, kisha akasema sawa, kama anavyosema sawa mteja akichagua ngozi ya bei rahisi kwa kiti kizuri.

Jumamosi kulikuwa na jua na umati. Shemeji alikuja amejichora nyusi kwa kalamu ya mke wake mwenyewe, moja imepanda kuliko nyingine, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba ameshangazwa na mwendo wa gari hata nyusi zikabaki nyuma. Hakumwambia mtu kilichotokea. Alipanda mlima ule mara moja, safi, injini ikilia kwa sauti moja toka chini hadi juu, na watu wakampigia makofi. Aliposhuka alimkumbatia Sikio akamnong'oneza kitu upande wa kushoto. Sikio alitikisa kichwa na kutabasamu kama aliyesikia.

Ndipo akaitwa. Aliyemwita alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye gari jeupe, kabureta mbili, na tarumbeta mbili ndefu zilizosuguliwa zikang'aa, midomo wazi, bila filta, kwa ajili ya urembo. Kwenye kiti cha pembeni alikaa binti yake, kofia ngumu kichwani, mikanda imeshafungwa. Bwana yule alieleza kwa sauti kubwa kwamba gari lake linapiga chafya kidogo, si sana, na kwamba ameshawaambia wenzake: anayeweza kulitibu ni Sikio peke yake. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake, wengi wao wateja, wakisogea kuona. Injini ilikuwa inanguruma. Mkewe akaja akasimama karibu, mkono tayari.

Sikio alitia mpira sikioni. Ffff, kikasema kichwa chake. Aliinua macho akamwona shemeji ng'ambo ya umati, akiwachekesha watu na zile nyusi zake za wino, na jasho likaanza kuifuta moja. Kidole cha mkewe kikamgusa kiwiko. Sikio hakukaza. Akautoa mpira.

"Sisikii," alisema.

Kicheko kikalipuka. Mtu akapiga kofi paja. Bwana mrefu akacheka hata akashika mlango wa gari; Sikio hasikii, hii ya mwaka. Walimngoja aendelee na masihara, na ilikuwa rahisi kabisa kucheka nao na kurudisha mpira mahali pake. Mikono ilimtaka afanye hivyo. Alihisi joto la mkewe ubavuni.

"Sikutanii," akasema, na safari hii ilimuuma kweli, kwa sababu aliona nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine. "Masikio yangu yamekufa. Jana nilimtia shemeji yangu moto kwa sababu niliona haya kusema. Anayesikia ni mke wangu."

Waliacha kucheka. Mmoja akaanza kutazama viatu vyake, mwingine akamtazama Mama Viti kama aliyemwona leo. Bwana mrefu alizima injini. Alitazama tarumbeta zake, akamtazama binti yake, kisha akamsogelea Sikio na kusema kitu kwa sauti ya chini, midomo ikifunguka kidogo sana.

Miaka mingi Sikio angetikisa kichwa na kutabasamu. Alimgeukia mkewe, mbele ya wote.

"Amesema nini?"

"Amesema pole," mkewe akamwambia.

Neno hilo ndilo alilolikimbia muda wote. Alisimama nalo kidogo, akisikia mluzi wake.

"Mwambie nimeshapoa," alisema, akamkabidhi mkewe mpira. "Na hizo tarumbeta azitie filta kwanza, ndipo umsikilizie."